Mtawa wa Tatu wa Brussels

Kisambo, Upare
12 Januari 2025

Mwanangu Evaline,

Barua yako ya Krismasi ilifika juzi, mdogo wako Nuru aliichukua posta Same akaniletea alipokuja kunitazama. Nimefurahi kusikia wewe na Aaron ni wazima na kwamba baridi haijawashinda. Mimi sijambo, ila masikio ndiyo yanazidi kuniaga. Aaron aliponipigia siku ya mwaka mpya nilimjibu "amina, amina" kwa kila alichosema, na baadaye Nuru akaniambia kwamba mumeo alikuwa ananiuliza kama tumeshaanza kuvuna tangawizi. Kwa hiyo tuendelee na karatasi. Kwenye karatasi hakuna anayelazimika kupiga kelele.

Uliandika jambo likanifanya niiweke barua chini nifikiri. Ulisema karibu na nyumba yenu hapo Auderghem, pembeni mwa msitu, kuna nyumba ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Agustino, na kwamba unapenda kutembea huko. Nikakumbuka darasa la historia ya kanisa, nilipokuwa chuoni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba watu wa kwanza kuuawa kwa imani yetu ya Kilutheri hawakuwa Wajerumani. Walikuwa watawa wa Agustino, wakachomwa moto uwanjani hapo hapo Brussels, mwaka 1523. Miaka yote hii ninawasimulia watoto wa kipaimara habari hiyo, na sikuwaza hata siku moja kwamba mwanangu angekwenda kuishi mahali penyewe.

Sasa sikiliza. Waliochomwa walikuwa wawili. Lakini nakumbuka vizuri mwalimu alisema, "Walikuwa watatu," kisha akaendelea na mambo mengine, wala hakuna aliyemuuliza. Mwaka huu mtoto mmoja wa kipaimara ameniuliza: huyo wa tatu alikwenda wapi? Wewe una miguu na uko jirani. Nenda uwanjani ukaangalie, uliza, kisha uniandikie.

Majirani wote wanakusalimu. Mwinjilisti wetu, Dafrosa, naye yupo.

Baba yako,
Samson Mchomvu

*

Auderghem, Brussels
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umenipa kazi tamu. Tangu nije huku nimekuwa mtu wa kulea watoto wa jirani asubuhi na kusoma Kifaransa mchana, na nilikuwa nimesahau raha ya kutafuta kitu ambacho sikijui.

Nimekwenda uwanjani. Wanauita Grand-Place. Umezungukwa na majumba marefu yaliyopakwa dhahabu kwenye kingo, na watu wamejaa wakipiga picha na kula mikate ya sukari. Nilizunguka nikisoma kila kibao ukutani, na sikuona kinachowataja watawa. Pengine kipo, macho yangu hayakukifikia. Nikamuuliza kijana anayetembeza wageni. Akanionyesha jumba la manispaa, akasema hilo lilikuwepo tayari wakati huo, na mnara wake pia. Majumba ya dhahabu yalijengwa baadaye. Kwa hiyo, Baba, walichokiona wale ndugu walipoinua macho ni mnara ule ule ninaouona mimi.

Nimesoma kidogo, na haya ndiyo niliyoyapata. Watawa hao walitoka Antwerp. Walianza kuhubiri mafundisho mapya yaliyotoka kwa mtawa mwenzao wa Ujerumani, watu wakawafuata kwa wingi, watawala wakaogopa. Nyumba nzima ilikamatwa. Wengi waliahidi mbele ya wakubwa kwamba wataacha, wakaachiliwa. Watatu walikataa. Tarehe mosi Julai wawili wakavuliwa mavazi ya upadri jukwaani, vazi moja moja, ili wasife wakiwa mapadri. Hendrik na Johannes. Inasemekana walikiri imani kwa sauti hadi moto ulipowazidi. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Wa tatu aliitwa Lambert. Yeye hakuchomwa siku ile. Vitabu vingi vinasema aliomba apewe siku chache zaidi ayafikirie Maandiko, na wakamrudisha gerezani. Basi, wanaishia hapo kama mwalimu wako.

Nimemsimulia rafiki yangu Zulekha. Huyu ni Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu, ana saluni kule Matonge, kwenye ile Galerie d'Ixelles ambako Waafrika wote husukwa nywele. Alikuwa ananisuka. Akasimamisha mikono, akaniuliza, "Alors, uyu wa tatu, walimufanya nini?" Wateja waliokuwa wanangoja nao wakataka kujua. Kwa hiyo sasa si mtoto wa kipaimara peke yake anayengoja, ni saluni nzima.

Nitaendelea kutafuta. Jumapili tulikwenda kanisani, Aaron anakusalimu sana. Mpe Dafrosa salamu zangu za pekee.

Mwanao,
Evaline

*

Kisambo, Upare
3 Machi 2025

Mwanangu Evaline,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Habari ya mnara imenigusa. Lakini habari ya huyu Lambert imenisumbua, na nitakwambia kwa nini.

Aliomba siku za kufikiri. Kufikiri nini? Alikuwa mtawa na msomi. Alikaa gerezani miezi pamoja na wenzake, wakila mkate mmoja na kuulizwa maswali yale yale. Kama ni kufikiri, alikuwa na muda wa kutosha. Wenzake wawili walijua wanaamini nini, wakasema. Wale waliorudi nyuma nao angalau walisema. Yeye peke yake hakusema hiki wala kile. Mimi naona mtu anayeomba muda saa ya mwisho ana mambo mawili. Ama ameshaogopa na anaona haya kukiri, ama ana kiburi na anataka watu wambembeleze. Na wakati huo wote anawatesa wanaomngoja, kwa sababu hawajui wamlilie au wamkemee.

Usidhani nazungumza habari za zamani tu. Watu wa namna hii tunao hata sasa, tena karibu sana na sisi. Wanakaa kimya wakidhani kimya chao hakisemi kitu. Kinasema.

Nitafutie mwisho wake. Nataka kujua kama aliogopa. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Baba yako,
S. Mchomvu

*

Auderghem
26 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti sijalivua. Ungeniuliza moja kwa moja tu. Hukuwa na haja ya kunizungusha uwanjani kumtafuta mtawa.

Najua ni Nuru aliyekwambia. Nilimweleza yeye peke yake, naye aliniahidi. Sasa kwa kuwa umeshajua, sina sababu ya kuendelea kuficha.

Ni kweli. Tangu Mama afariki sijashiriki Meza ya Bwana. Kila Jumapili tunatoka nyumbani pamoja, mimi na Aaron, tunatembea hadi kituo cha metro. Yeye anashuka ngazi kwenda kupanda treni ya kanisani, mimi nageuka kwenda msituni. Tunakutana mchana. Nikikuandikia "tulikwenda kanisani" ninamaanisha kwamba Aaron alikwenda na mimi nilimsindikiza. Aaron hajanisema hata mara moja, na wakati mwingine natamani angenisema.

Wewe ulikuwepo Mama alipougua. Mimi nilikuwa huku, na kitu pekee nilichoweza kumfanyia ni kuomba. Niliomba jikoni, niliomba kwenye basi, niliomba nikiwaogesha watoto wa watu. Mama akazikwa nikiwa bado ndani ya ndege. Niliporudi Brussels nikaenda kanisani kama kawaida, na tulipofika "Namwamini Mungu Baba" mdomo wangu haukufunguka. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Nikaona ni afadhali nisisimame mbele za Mungu na watu nikiigiza.

Sijaacha kuamini, Baba. Wala sijui kama ninaamini. Hayo mambo mawili unayosema, hofu na kiburi, nimeyatafuta ndani yangu kwa uaminifu, na sikuyaona. Ninahitaji muda tu. Kama hilo linakutesa, unisamehe, lakini siwezi kukuandikia jibu ambalo bado sina.

Aaron amesema nisiitume barua hii leo, nilale nayo kwanza. Ninaituma leo.

Evaline

*

Kisambo
17 Aprili 2025

Mwanangu, mwanangu Evaline,

Nuru hakuniambia neno. Msichana huyo ametunza siri yako vizuri kuliko nilivyodhani mtoto wangu yeyote anaweza, na sasa ni mimi ninayepaswa kumwomba radhi, kwa sababu nilimpigia simu nikamfokea kabla sijamaliza kusoma, na majibu yake sikuyasikia.

Sikuwa ninakusema wewe. Nilikuwa ninamsema Dafrosa. Na tena hakuna mtoto wa kipaimara aliyeniuliza habari za mtawa wa tatu. Aliyeuliza ni mimi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Unamkumbuka John fundi, aliyeezeka nyumba yetu. Unajua alitengwa na kanisa zamani, kwa sababu alifunga ndoa bomani na Latifa, na Latifa ni Mwislamu, hakukubali kubatizwa. Miaka yote hiyo John alikuja ibadani akakaa benchi la nyuma, Meza ya Bwana ikiandaliwa anatazama tu. Novemba akafariki ghafla. Ndugu za Latifa wakasema huyu ni Mkristo, hatuwezi kumzika sisi. Baraza la wazee likasema ametengwa, mwinjilisti asiende, wala kengele isigongwe. Mwili ukalala nyumbani. Latifa akazunguka na watoto wake akiomba watu wa kuchimba kaburi.

Dafrosa akavaa joho lake akaenda. Akamzika kwa ibada kamili, nyimbo na yote, na vijana wakaenda kuchimba kwa sababu walimwona yeye anakwenda.

Baraza likamwita. Mimi ndiye katibu, kama ujuavyo, na ndiye niliyeuliza maswali. Tukamtaka asimame mbele ya usharika akiri kwamba alikosea. Tulidhani atakataa, au atalia na kukubali. Akasema, "Wazee wangu, nipeni muda nifikirie. Sitaki kusema toba ambayo sijaiona moyoni." Baraza likachukia kuliko kama angetutukana. Nami nilichukia. Tukampa hadi Pentekoste.

Ndiyo maana nilikuuliza kama mtawa yule aliogopa. Nilitaka uniambie ndiyo.

Sasa kuhusu hayo mengine uliyoandika. Nimeikunja barua yako nikaiweka mfukoni, nikaenda nayo shambani, nikarudi nayo. Mimi pia nilikuwa naomba, Evaline, upande wa pili wa kitanda cha mama yako. Sijui la kukujibu. Miaka yangu yote nimefundisha watoto majibu, swali na jibu, swali na jibu, na hili halimo.

Kwa hiyo nakuuliza tena, safari hii bila ujanja: huyo Lambert alimalizaje?

Baba yako

*

Auderghem
6 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimecheka nikikufikiria unamfokea Nuru kwenye simu usiyoisikia. Nimemwomba radhi nami.

Kuhusu Dafrosa nitasema mwishoni. Kwanza nikupe ulichoniomba, kwa sababu nimekipata, au nimepata kiasi kinachopatikana.

Nilikwenda maktaba kubwa ya hapa, karibu na stesheni ya kati. Kuna mama mmoja mzee wa Kiflamandi anayejitolea kuwasaidia watu wasiojua pa kuanzia. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini Mtanzania anawatafuta watawa wa Antwerp. Nikamwambia ni baba yangu anayeuliza, ni mwalimu mstaafu, yuko milimani. Akasema wanaokuja huwaulizia wale wawili. Wa tatu hajauliziwa na mtu. Tangu hapo akawa na hamu kuliko mimi, akanikalisha mchana mzima.

Aliniambia tuanze na mashine za kupiga chapa. Miaka mia moja kabla ya hapo, watu wangechomwa pale uwanjani, walioona wangesimuliana mpaka wafe, na habari ingekwisha. Lakini wakati huo mashine zilikuwa zimeenea katika miji mingi. Wale wawili walipokufa, habari ikapigwa chapa Ujerumani haraka, kijitabu kidogo chenye kurasa chache, mji huu ukichapa na mji ule ukichapa, watu wanasomeana sokoni. Mama yule anasema hapo ndipo dunia ya zamani ilipogeuka. Wakubwa walidhani wamewanyamazisha watu wawili, kumbe wamewapa sauti kila mji.

Akanifungulia picha ya jalada la kijitabu kimoja cha mwaka ule ule. Mimi sijui Kijerumani, akanitafsiria kwa kidole. Kinasema wamechomwa watatu, Baba. Mashujaa watatu wa Kristo. Nikamwambia lakini walikuwa wawili. Akasema ndiyo. Wapiga chapa hawakungoja. Habari ilivumika kwamba wa tatu naye amechomwa baadaye, wakaiandika kama ilivyo, na watu wengi wakaamini. Na wengine, wale wa upande wa pili, wakavumisha kwamba ameikana imani, ameomba msamaha.

Na muda wote huo yeye alikuwa hai, ndani ya selo, hajasema lolote kati ya hayo. Walikuwa wamekwisha kumwandika, huku amekufa shujaa, kule amerudi nyuma, naye bado anafikiri.

Alifia gerezani mwaka 1528, kama miaka mitano baadaye. Hakuachiliwa, na mtu aliyeikana imani wangemwachilia kama walivyowaachilia wenzake. Hakuchomwa pia. Alisema nini mwishoni, mama yule hajui, na anasema hajasoma mtu anayejua kwa hakika. Nilimuuliza swali lako, kama aliogopa. Akafikiri, akaniambia, "Mtu anayeogopa husema haraka."

Nilimpelekea Zulekha habari zote saluni. Akamaliza mstari mzima wa nywele, halafu akasema, "Bon. Muntu akisema ngoja, unamungoja. Hiyo iko ngumu wapi?" Na mwanamke mmoja Mkongo aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akasema ngumu iko kwa wenye kungoja, wakacheka, wakabishana hadi saluni inafungwa.

Sasa Dafrosa. Baba, nilipofika nyumbani Mama ameshazikwa, nyote mlikuwa mmechoka, mmekaa na wageni. Dafrosa alinishika mkono akanipeleka kaburini peke yangu. Akavaa joho lake upya. Akaisoma ibada ya mazishi yote tangu mwanzo, kwa ajili yangu, kama vile jeneza lilikuwa bado juu. Hakuna aliyemtuma, na nadhani hata hilo haliruhusiwi. Sikuwahi kukwambia.

Nina swali moja. Wewe ni katibu, na kwa kawaida ni wewe unayeandika barua ya kumtenga mtu. Ya Dafrosa umeshaiandika?

Mwanao,
Evaline

*

Kisambo
15 Juni 2025

Mwanangu Evaline,

Nilikuwa nimeshaiandika. Niliiandika Februari, siku chache kabla ya barua yako ya kwanza kuhusu watawa kufika, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaacha nafasi ya tarehe.

Barua yako ya Mei Nuru aliniletea Jumamosi, siku moja kabla ya Pentekoste. Baraza lilikuwa limeketi Ijumaa. Hata kabla sijakusoma niliwaomba wazee tumwongezee mwinjilisti muda. Mzee Godfrey, ambaye tumekaa naye meza moja miaka mingi, akaniuliza, "Hadi lini, Mwalimu?" Nikasema sijui. Akasema basi huo si muda, huo ni mchezo. Wakainua mikono, nikabaki peke yangu. Nikaambiwa nijaze tarehe.

Usiku wa Jumamosi, baada ya kukusoma, sikulala vizuri, na si kwa sababu ya Dafrosa tu. Niliwaza kijitabu kile kinachosema watatu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Latifa alikuja, akasimama karibu na dirisha, kwenye kivuli, na ushungi wake. Baada ya mahubiri mchungaji akamwita Dafrosa mbele. Nilisogea nikaweka mkono sikioni, lakini haikuhitajika, kwa sababu alisema akinitazama mimi, polepole, kama anavyofanya siku zote nikiwa naye. Sikupoteza neno.

Alisema, "Nimefikiri kama nilivyoomba. Nimeitafuta toba. Nimetubu kwamba niliwakasirisha wazee bila kuja kuwaambia kwanza, na kwa hilo naomba msamaha. Lakini kumzika John siwezi kukuita kosa. Nimejaribu, na nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya mahali hapa."

Mchungaji akanigeukia. Ni kazi yangu, kwa hiyo nilisimama. Nikaitoa barua, nikaikunjua, nikaona mwandiko wangu mwenyewe ukieleza kwamba mtumishi amepewa nafasi na ameshupaza shingo. Nikasema, "Mchungaji, barua hii niliiandika kabla huyu hajajibu. Siwezi kuisoma kana kwamba ni jibu la alichosema leo." Nikaiweka mezani.

Ningependa kukuandikia kwamba mambo yaligeuka. Hayakugeuka. Godfrey aliichukua akaisoma, na anasoma vizuri, hakuruka kitu. Dafrosa ametengwa, na ameondolewa uinjilisti. Alivua joho mwenyewe pale mbele, akalikunja vizuri, akampa mke wa mchungaji. Sikuweza kutazama. Nilikumbuka ulivyoniandikia, vazi moja moja.

Kisha Meza ya Bwana ikaandaliwa. Alikwenda akakaa benchi la nyuma, lile la John. Nami nikajikuta nimetembea hadi huko, na fimbo yangu, watu wananitazama. Nikaketi kando yake. Sikushiriki siku ile. Sikuwa nimekata shauri la kitu chochote, Evaline. Sikutaka tu akae pale peke yake.

Nyumba ya mwinjilisti ametakiwa kuiacha. Latifa alikuwa akimngoja nje ya mlango, alichukua begi moja yeye, jingine akampa mwanawe. Dafrosa sasa anaishi kwake. Wanalima tangawizi pamoja, na jioni akina mama wa kwaya wanapita kwa Latifa kimyakimya kuombewa na Dafrosa, wakiwa wamebeba mboga kana kwamba wanapeleka mboga tu. Nimemkuta Latifa mwenyewe akiwatandikia mikeka.

Wazee walinifuata nyumbani wakaniuliza kama ninabaki kuwa katibu au ninaacha. Nikawaambia wanipe muda nifikirie. Ungeona uso wa Godfrey. Halafu akacheka, hakuweza kujizuia, na mimi nikacheka, tukanywa chai. Sijui kama atanisamehe. Nadhani ananingoja.

Kuhusu wewe. Nilikuwa nimeanza kukuandikia mawaidha, ukurasa mzima, nikauchana. Msitu huo una miti gani? Ukitembea Jumapili unapita njia gani, na ndege wa huko wanaliaje? Mimi siwasikii tena wa huku. Niandikie.

Baba yako akupendaye,
Samson

*

Auderghem
7 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Ni miti mirefu sana, wanaiita beech, shina lake ni laini na la kijivu kama ngozi ya tembo aliyeoga. Majani yakiwa juu kabisa, chini kunakuwa na mwanga wa kijani, kama vile umekaa ndani ya chupa. Njia yangu inapita kwenye bwawa la ile nyumba ya watawa, halafu inapanda. Kuna ndege mmoja mdogo anayegonga mti kwa mdomo, haraka haraka, kama fundi anayepigilia misumari ya bati. Huyo nadhani hata wewe ungemsikia.

Tarehe mosi Julai nilikwenda Grand-Place na Zulekha. Alifunga saluni kwa muda, akavaa vizuri kama anakwenda harusini. Tulikuta mafundi wanafunga vyuma na kupanga majukwaa ya viti uwanja mzima. Kila mwaka siku hizi hufanya maandamano ya farasi na mavazi ya kale kumkumbuka mfalme aliyetawala wakati huo, yule yule ambaye chini ya amri zake watawa walichomwa. Tulitafuta pa kusimama tukakosa, mafundi wanatufukuza kwa upole. Mwishowe tukasimama kwenye mlango wa duka la chokoleti. Zulekha akaomba dua kimya, mikono kifuani. Nilimuuliza amemwombea nani. Akasema wale wawili wameombewa sana, yeye kamwombea yule wa gerezani, na Dafrosa, na wewe masikio yako.

Nilimsimulia Aaron barua yako ya Pentekoste tukiwa mezani. Aliacha kula. Akaniuliza kama ulitembea hadi benchi la nyuma peke yako, nikasema ndiyo, na fimbo. Akasimama akaosha vyombo vyote.

Jana, Jumapili, tulitoka pamoja kama kawaida. Tulipofika kituoni, Aaron akaanza kushuka ngazi, nami nikashuka naye. Hakugeuka kunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Kanisani nilitafuta benchi la nyuma. Aaron akaendelea mbele mahali pake, kwa sababu nilimwomba.

Walipofika "Namwamini" sikusema. Nilisikiliza wengine wakisema, na nikagundua kwamba ninaweza kuwasikiliza bila kuumia, jambo ambalo mwaka jana sikuliweza. Watu wakaanza kwenda mezani safu kwa safu. Mama mmoja mzee aliyekuwa kando yangu, Mkenya nadhani, akajiinua kwa kushika benchi, akaniona nimekaa. Akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kama siendi.

Nikamwambia, "Bado, Mama."

Akaniangalia kidogo. Kisha akauweka mkoba wake mapajani mwangu, kama mtu anayemwachia mwenzake mzigo kwa sababu anajua atamkuta hapo hapo akirudi, akaenda zake mezani.

Evaline